Herufi Iliyodondoka

Mjukuu wangu nilimsikia kabla sijamwona. Sisemi kilio, maana alikuwa amelala. Nilimsikia harufu. Mkwe wangu alikuwa bado anashuka kwenye teksi pale nje, mwanangu kabeba mabegi, nami nimesimama mlangoni na mikono nimeinyoosha, mara upepo ukaniletea poda, mafuta ya mtoto, na juu yake mafuta ya nywele ya mama yake. Mkono wangu wa kulia ukaingia baridi kuanzia begani. Nikauficha nyuma ya mgongo.

"Mama, mpokee basi mjukuu wako," mwanangu akasema.

"Ngoja ninawe kwanza."

Nikaingia ndani kunawa mikono iliyokuwa safi. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema siku ile ile, pale pale mlangoni, haya mengine yote yasingekuwa.

Mimi nilikuwa dobi. Miaka ishirini na sita nimefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye doa hunidanganyi: nalijua la chai, la damu, la kutu, na lile ambalo mgeni anaapa kuwa ni chai. Siku moja pasi ilinitoka mkononi ikalala juu ya shuka, nami naitazama tu inavyochoma, vidole vimegoma. Nikadhani ni uchovu. Mwezi uliofuata ukagoma mguu. Kisha jicho moja likawa linaona kama mtu aliyesimama kwenye mvuke. Nilizungushwa hospitali mwaka mzima, mpaka daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, mwanamke, akanipiga picha ya kichwa na kunieleza kwa maneno ninayoyaelewa.

"Mama, umewahi kuona waya wa pasi ulioliwa ganda?"

"Nimeuona. Umeshanirusha mara mbili."

"Basi kichwani mwako na kwenye uti wa mgongo kuna nyaya zimeliwa ganda. Umeme unapita, lakini unavuja njiani. Kuponya hatuwezi. Ugonjwa tutaupunguza kasi."

Hilo nililizoea. Nina fimbo yangu, nina vidonge vyangu, najua siku ya kutoka na siku ya kubaki kitandani. Kilichonishinda ni manukato, nayo yalikuja miaka mitatu baada ya ile pasi. Mtu akikaa karibu nami amejipulizia, kichwa kinabana kama nimevalishwa kofia ya mtoto. Mkono wa kulia unaingia baridi, kisha unaanza kuruka wenyewe. Nikiendelea kukaa hapo, ulimi unalala. Nasikia kila kitu, najua ninachotaka kusema, lakini mdomoni ni kama pamejazwa tambara. Pengine ni kwa saa moja, pengine mpaka jioni.

Na si kila harufu. Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, anarudi nyumbani ananuka moshi na chuma kilichoungua, nami namkumbatia vizuri tu. Kitunguu hakinidhuru. Jalala halinidhuru. Ni vile vitu watu wanavyonunua ili wapendeze. Nilipomweleza jirani wa mlango wa pili alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo wewe tukitaka kukufurahisha tusioge?" Tangu hapo jina langu mtaani ni Bibi Pua. Watoto wananiambia, "Shikamoo, Bibi Pua," kwa adabu kabisa, wanadhani ndilo nililopewa na wazazi.

Yule daktari aliniamini. "Wako wagonjwa wangu wengine wanaoniambia hivyo hivyo," alisema, akainuka akafungua dirisha, maana muuguzi aliyekuwa ameniingiza alikuwa kajimwagia chupa nzima. Lakini kwenye kadi hakuandika, nami sikumwomba aandike. Sasa jambo ambalo halimo kwenye kadi, mtu wa darasa la nne atalisema vipi watu wamwamini?

Tena nimwambie nani? Mkwe wangu ni msusi. Ana mkono mwepesi, wateja wanamngoja yeye hata viti vingine viwe vitupu. Na saluni ni harufu mwanzo mpaka mwisho: dawa ya kulainisha nywele, shampuu, spreyi, mafuta ya kung'arisha. Hata pochi yake inanukia. Walipokuwa wanaishi kwenye chumba chao cha kupanga, akija kunisalimia nilikuwa nasema kichwa kinaniuma, anaondoka mapema, yameisha. Mtoto alipozaliwa wakahamia kwangu. Nikamwambia mwanangu pembeni, "Usimwambie habari za harufu. Ataona namkataa."

"Mama, na wewe unazidisha," akasema. "Hayo ni mawazo tu."

Basi, tukanyamaza wote wawili, kila mtu kwa sababu yake.

Mpango ulikuwa huu. Mtoto akifikisha miezi sita mama yake arudi saluni, mimi nibaki naye. Nisipoweza, apelekwe kwa bibi yake mwingine, mama yake mkwe wangu, safari ya kutwa nzima kwa basi. Jambo hilo lilisemwa mezani mbele yangu, nami nikajibu kwa sauti kubwa, "Aende wapi na mimi niko hapa?"

Mtoto ni wa kike. Baba yake alimwita Mgeni, kwa sababu, alisema, "huyu kaja na mabegi mengi na hasemi anaondoka lini." Miezi sita niliishi na Mgeni kwa visingizio. Leo nina mafua, nisimwambukize. Leo mgongo. Leo nimetoka kukata vitunguu. Nilijifunza saa zake kama dobi anavyojifunza jua. Aliogeshwa na kupakwa asubuhi na jioni, kwa hiyo saa nane mchana harufu ilikuwa imepungua, na mara nyingi mama yake alikuwa uani anaanika. Hapo nilisogea nikamshika mguu. Mguu tu. Nyayo hazipakwi poda. Nilikuwa nauweka ule unyayo kwenye kiganja changu, naye anasukuma, anasukuma, kama anajaribu mlango.

Nilidhani nimejificha vizuri. Kumbe sivyo. Jioni moja niliwasikia jikoni.

"Mama yako akimshika mtoto anageuza uso," mkwe wangu alisema. "Nimemwona kwa macho yangu. Anageuza uso kama kashika ndoo ya taka."

"Ana ugonjwa wake, si unajua."

"Ugonjwa wa kugeuza uso? Huo unaitwaje hospitali?"

Nikasikia kijiko cha mwanangu kinakoroga chai iliyokwisha korogwa zamani.

Sasa ikafika Jumanne. Wiki iliyofuata alitakiwa kazini, na siku hiyo alikuwa anakwenda kupatana na mwenye saluni siku zake za kupumzika. Aliamka mapema akamwogesha Mgeni. Akampaka mafuta mwili mzima, akatia poda shingoni, kifuani na mgongoni, akamvalisha gauni jipya, akalipulizia kidogo kutoka kwenye chupa ya bluu. Akaniletea mtoto kwa mikono miwili.

"Nimemtengeneza vizuri, mama. Hatakusumbua. Ni saa moja tu."

Nilijua anachofanya. Alikuwa ananipa heshima, na alikuwa ananipima. Yote mawili yalikuwa haki yake.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Hata saa mbili."

Hakufika hata kwenye kona ya barabara. Mkono ukaanza. Nikafungua madirisha yote kwa mkono wa kushoto, Mgeni nimembana kifuani kwa wa kulia, na wa kulia ndio huo unaopoa. Sikutaka kungoja uruke. Nikamshusha kwenye godoro chini, nikamwekea mto huku na mto huku, nikaondoa chupa ya chai na kigoda. Miguu ikawa inakwisha. Nikatambaa mpaka kizingitini, mahali penye hewa, nikakaa pale namwona. Ni hatua sita. Nikajifunika pua kwa kitambaa cha kichwa. Naye akanitazama, akangoja, kisha akaanza kulia.

Nilitaka kumwimbia. Sauti iliyonitoka ilimzidishia kilio. Ulimi ulikuwa umelala.

Kuna daftari linakaa juu ya friji, na penseli imefungwa kwa uzi. Mwanangu ndiye aliyeliweka, kwa siku za ulimi. Nikajivuta ukutani, nikalifikia, nikarudi kizingitini. Niliandika hivi: Mtoto ananukia. Siwezi kumshika. Au tuseme ndivyo nilivyoandika kichwani. Mkono uliruka, nikaushika kwa mwenzake, ukaruka tena.

Mkwe wangu alirudi kabla saa haijatimia. Alimsikia mtoto tangu nje. Akanipita pale kizingitini, akamnyanyua Mgeni ambaye alikuwa amelia mpaka sauti imekuwa mchanga, akanigeukia. Nikampa daftari. Nilimpa kwa matumaini kabisa.

Akasoma. Akasoma tena.

"Mwanangu ananuka?"

Nikatikisa kichwa.

"Unatikisa kichwa nini wakati umeandika mwenyewe? 'Mtoto ananuka. Siwezi kumshika.' Nimemwogesha alfajiri, nimempaka, nimemvalisha nguo ambayo haijawahi kuvaliwa. Anuke nini, mama? Anuke nini?"

Nilinyoosha kidole kwenye ile chupa ya bluu juu ya meza. Nilitaka kusema, hiyo, ni hiyo. Yeye akaelewa vingine.

"Ndiyo. Nitaondoka na chupa zangu. Usijali."

Akampigia mama yake simu pale pale mbele yangu. "Mama, Jumamosi nakuletea mtoto. Hapana, hajaumwa. Huku kuna watu hawamtaki." Nami nimekaa chini, kitambaa puani, nikiwa mtu ambaye hata mimi ningemchukia.

Mwanangu aliporudi alionyeshwa daftari kabla hajavua viatu. Akanitazama kwa muda mrefu. "Mama, hata wewe?" Ulimi wangu ulianza kuamka giza linaingia, na neno la kwanza nililoweza kulitoa lilikuwa lile nililolihitaji. Nikasema, "I."

"Usilie, mama," akasema.

"I," nikasema. "Iii."

"Basi, mama. Kesho tutaongea."

Kesho yake asubuhi ulimi ulikuwa umerudi. Nilimkuta mkwe wangu mezani anakunja vinguo vya Mgeni, anaviingiza kwenye begi. Alikuwa anavikunja vibaya, kwa hasira, mikono ya magauni nje.

"Sikuandika ananuka," nikamwambia. "Niliandika ananukia. Herufi moja imedondoka."

Akaacha kukunja. "Herufi moja."

"Moja tu. Ile i."

"Mama, kila anayetukana anasema kateleza."

Nikamweleza yote basi, harufu, mkono, ulimi, muuguzi na dirisha, kuanzia ile siku ya teksi. Alisikiliza mikono kaikunja kifuani. Nilipomaliza akalichukua daftari akaliweka mbele yangu, akafungua ukurasa mweupe.

"Andika. Ananukia. Mara kumi, mbele yangu."

Miaka hamsini sijaandikishwa na mwalimu. Nikashika penseli. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri, wa pili vizuri. Yeye akainama juu ya bega langu kuona, na kile kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeshiba mafuta ya nywele. Mkono ukaingia baridi. Sikusimama. Wa tatu. Wa nne penseli iliruka ikatua mbele ya mahali pake. Niliendelea mpaka wa kumi, jasho linanitoka kama nimekamua mablanketi.

Akalivuta daftari, akapitisha kidole. "Hii ipo. Hii ipo. Ipo. Hii haipo. Ipo. Hii haipo." Zilizobaki akamalizia kwa macho. Kisha akautazama mkono wangu uliokuwa unapiga meza wenyewe kama unabisha hodi.

"Mbona mwanzo haukuwa unaruka?"

"Hukuwa umeinama."

Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine. Akaenda mpaka kizingitini, pale pale nilipokaa jana yake, akasimama. Tulingoja wote wawili tukiuangalia ule mkono kama watu wanaongojea maji yachemke. Ilichukua muda. Ukapunguza, ukapunguza, ukalala.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Ni ulichopaka."

"Miezi sita, mama?"

"Miezi sita."

"Jamani! Si ungesema!"

"Ningesemaje? Mkwe wangu, karibu nyumbani, lakini usinukie?"

Kicheko kilimtoka kabla hajakikataza, kisha akakaa chini kwenye kizingiti akalia. Sikuweza kumwendea. Nilikaa mezani nikamwangalia kwa umbali wa hatua sita.

Halafu akainuka kama mtu aliyepewa kazi. Alioga yeye, akamwogesha Mgeni, kwa ile sabuni ya mche ninayofulia, maji mengi, hakumpaka kitu. Mimi nikatoa vinguo kutoka kwenye begi nikaviloweka, nikavisuuza mara tatu, maji ya mwisho nikatia siki kidogo, yeye akaanika juani. Saa nane mchana nilikaa chini, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, akaniwekea mtoto mapajani. Mtoto mzima, si mguu.

Nikainamisha uso mpaka shingoni kwake. Mtoto ana harufu yake. Ni maziwa yaliyochacha kidogo, na jasho, na kitu kingine ambacho sikijui jina. Mkono wangu ulikuwa na joto lake. Mgeni akanishika pua akaivuta kwa nguvu zote.

"Anakusabahi, Bibi Pua," mkwe wangu akasema kutoka mlangoni. Kumbe naye analijua lile jina!

Kisha akasema lile ambalo nililitaka kwa miezi sita. "Nampigia mama simu, mtoto haendi tena. Nguo za saluni nitaziacha huko huko, nitaoga kabla sijaingia. Chupa zote zitoke. Mama, utabaki naye?"

Neno la kujibu lilikuwa fupi, na ulimi ulikuwa mzima. Lakini daftari lilikuwa bado limefunguliwa mezani. Yeye kwenye karatasi ile alisoma kwamba sikumtukana mwanawe. Mimi nilikuwa nimesoma kingine.

"Zilizodondoka ni ngapi?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Zile i."

Akaangalia. "Nne."

"Nne kwenye kumi. Na nilikuwa nimekaa. Huyu akiwa na maji mwilini anateleza, mwanangu. Na harufu siyo yote. Siku nyingine mguu unagoma bila kuulizwa na mtu."

"Tutaweka godoro kila mahali. Hutasimama naye."

"Jiko litanifuata chini?"

Mgeni alikuwa ameiacha pua, anatafuna pindo la blauzi yangu. Mwanangu aliporudi tukamwambia, akasikiliza, akaenda kutengeneza komeo la mlango wa uani. Komeo lile halikuwa bovu.

Tukakubaliana hivi: aende Jumamosi kama ilivyosemwa, arudi akishatembea mwenyewe, hahitaji tena mkono wa mtu kumbeba. Na kila anapoletwa kunitembelea, aje moja kwa moja mapajani kwangu, tusianze kufua siku tatu. Kwa hiyo bibi yake wa kule lazima aelezwe. Ijumaa mkwe wangu alikaa mezani na daftari, kitambaa cha kichwani kimefuliwa mara mbili, mimi nikawa nasema na yeye anaandika. Sabuni ya mche tu. Kusuuza mara tatu. Siki kifuniko kimoja kwenye maji ya mwisho. Nguo zake zianikwe mbali na za watu wengine, zikunjwe peke yake.

"Na usimpake poda," nikasema, "hata akipendeza vipi."

"Hata watu wakisema hajatunzwa?"

"Hata wakisema."

Akamaliza kwa mstari mmoja wa kwake, akapiga mstari chini yake, akanisogezea. "Soma, mama. Wewe ndiye mwalimu wa herufi."

Nikasoma taratibu. Ulikuwa umeandikwa vizuri, mwandiko wa mtu aliyefika mbali shuleni. Nikafika kwenye ule mstari wa mwisho. Nikausoma mara mbili, nikaweka kidole.

Alikuwa ameandika: Mtoto asinuke.

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu. Mama yangu angeniuliza adabu nimeitupa wapi." Tukacheka mpaka Mgeni akaacha anachofanya kututazama. Kisha tukaacha kucheka karibu kwa pamoja.

Akanipa penseli. Niliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikangoja utulie, nikaiingiza ile herufi katikati, kati ya k na e. Imekaa upande, inaegemea, lakini ipo.

Jumamosi asubuhi ukurasa ule ulichanwa ukakunjwa ndani ya soksi za Mgeni, wakaondoka. Mwanangu aliwasindikiza kituoni. Saa nane mchana nilikaa chini, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha. Madirisha yalikuwa wazi. Nyumba nzima haikuwa na harufu yoyote.